Sanduku la marehemu babu: wakfu, amana na hifadhi ya maandishi ya mji wa Lamu

Ndugu msomaji wa Lamu, salamu zako nimezipokea, marahaba. Umeeleza kwamba marehemu babu yako, aliyekuwa mwalimu wa chuo na mwandishi wa hati za watu, aliacha sanduku la mbao lenye vyuo, yaani vitabu, vya fikihi na sarufi, tendi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, barua za biashara, hati za mashamba na nyumba, madaftari ya shule yenye mashairi yake mwenyewe, magazeti na picha. Makumbusho yameiomba familia iyakabidhi hayo yote. Mjomba wako anasema baadhi ya vyuo ni wakfu na haviwezi kutoka; binamu yako anaona inatosha kupiga picha kwa simu; shangazi yako anataka kurasa zilizochanika za msahafu zizikwe kabla ya jambo lingine lolote. Unauliza nani kati yao ana haki, na makumbusho hufanya nini hasa na maandishi ya mji yakishaingia mikononi mwao.

Kabla ya kuijibu hoja ya kila mmoja, kuna jambo ningependa familia nzima ilisikie, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea: kwa sanduku kama hilo, siku ya hatari kubwa kuliko zote ni siku ya kulifungua na kulihamisha. Karatasi zilizovumilia kusi na kaskazi kwa vizazi vitatu au vinne mara nyingi zina hali nzuri kuliko tunavyotarajia. Kisha siku moja jamaa wenye nia njema huketi ukumbini na kuanza kuzichambua. Barua zinawekwa upande huu na tendi upande ule, jalada lililoliwa na wadudu linavuliwa, karatasi zinazoonekana tupu zinatupwa, uzi uliofunga bunda unakatwa, na ifikapo alasiri kila kitu kinapendeza machoni ilhali ushahidi wa miaka mia umefutika. Mchwa hawawezi kufanya madhara ya namna hiyo kwa siku moja.

Ushahidi ninaousema ni ule wa kujua kila karatasi ilikuwa ya nani, ilikaa wapi na ilikaa pamoja na nini. Barua iliyokunjwa ndani ya daftari la madeni huenda ndiyo inayoeleza deni lililoandikwa katika ukurasa huo. Hati ya shamba iliyofungwa pamoja na orodha ya mirathi huonyesha jinsi shamba lilivyofika kwa mwenye sanduku. Zikitenganishwa, barua hubaki ni ya mtu asiyejulikana kwenda kwa mtu asiyejulikana. Tangu karne ya 19 watunza nyaraka wameshika kanuni mbili: kutochanganya nyaraka za asili moja na za asili nyingine, na kutovunja mpangilio ambao mwenyewe aliziwekea nyaraka zake. Mimi huzipa kanuni hizi uzito kuliko kifaa chochote cha kisasa.

Pwani yetu ina mifano ya faida yake. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao; asili zake zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Zilisalimika kwa sababu ziliingia katika nyaraka za utawala na zikabaki humo, na kwa hiyo msomi wa leo anajua zilikwenda kwa nani na katika shughuli gani. Mfano wa pili ni wa Mombasa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, yalikusanywa miongo kadhaa baada ya kifo chake na mmisionari William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na msaada wa Mwalimu Sikujua haukuishia kwenye beti, kwani alifafanua pia maneno magumu na visa vilivyosababisha tungo. Miswada hiyo sasa imo katika maktaba ya chuo kikuu cha SOAS, London. Ondoa maelezo ya mwalimu yule, na sehemu kubwa ya mashairi ya majibizano na ya siasa za mji itabaki mafumbo hata kwa Mmvita mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mtu wa makumbusho, pigeni picha za sanduku likiwa limefungwa, kisha likiwa wazi, kisha tabaka kwa tabaka kila mnapoinua kitu. Kila bunda lipewe namba iliyoandikwa kwa penseli kwenye kipande cha karatasi safi kinachowekwa ndani yake. Namba isiandikwe juu ya ukurasa wenyewe, na kalamu ya wino isikaribie meza hiyo kabisa. Katika daftari moja andikeni namba, umbo la kitu, kilikuwa juu au chini ya nini, na yeyote mwenye kumbukumbu anasema nini juu yake. Shangazi yako huenda anakumbuka utendi upi ulisomwa katika harusi au matanga ya nani, kwa sauti gani, na kwa nini babu aliunakili. Mketisheni, mrekodi maneno yake, naye asome au aimbe akiweza. Herufi za Kiarabu zilivyotumiwa na wazee wetu haziandiki kila sauti ya Kiswahili kwa ukamilifu, na kuna beti ambazo ni msomaji aliyelelewa na Kiamu, lahaja ya Lamu, peke yake awezaye kuamua zisomwe vipi. Sauti hiyo ni sehemu ya hifadhi sawa na karatasi, nayo haina uwezo wa kusubiri kama karatasi inavyosubiri.

Ili uone ninachokihofia, chukua chuo kimoja tu ukitazame polepole. Usikilaze wazi kabisa mezani, kwani mgongo wa jalada utapasuka. Kiegemeze juu ya mito miwili midogo, mikono yako ikiwa imeoshwa na kukauka vizuri. (Glavu za pamba hupunguza hisia za vidole na hurarua kingo za karatasi; glavu zinafaa wakati wa kushika picha zilizosafishwa.) Katika ukurasa wa mwanzo, kabla ya bismillahi, huenda ukakuta jina la aliyekimiliki na chini yake jina la aliyekirithi au kukinunua. Kurasa nyingi hazitakuwa na namba. Badala yake mwandishi ameandika kwa mshazari, chini ya ukurasa, neno la kwanza la ukurasa unaofuata, na ni kwa neno hilo dogo kwamba chuo kilichotawanyika kinaweza kupangwa upya jani kwa jani. Mwishoni mistari huanza kupungua upana hadi ikakutana katikati, na humo mwandishi hujitaja, pamoja na baba yake, mji wake, siku, mwezi na mwaka wa Hijria aliomaliza kunakili. Karatasi mbili tatu za mwanzo na za mwisho, ambazo kwa haraka huonekana chafu, mara nyingi zimeandikwa kuzaliwa kwa watoto, vifo, bei, hesabu na dawa. Hata jani lililo tupu kabisa, ukiliinua kuelekea nuru ya dirisha, huenda likakuonyesha alama ya kiwanda iliyofinywa ndani ya karatasi. Hilali tatu zilizopangwa kwa safu ni alama ya karatasi zilizotengenezwa Italia na kufikishwa kwetu na biashara ya Bahari ya Hindi. Tarehe inapokosekana, alama hiyo humsaidia mtaalamu kukisia umri wa chuo. Jalada, karatasi tupu na ukingo mchafu ndivyo vitu vinavyotupwa kwanza na jamaa wanaosafisha.

Sasa nije kwa mjomba wako, ambaye hoja yake ina uzito mkubwa. Wakfu haukisiwi, husomwa. Mtafuteni mwanachuoni asome kurasa za mwanzo za kila chuo, kwa maana tamko la wakfu kwa kawaida hutaja aliyekiweka wakfu, nani wanufaike nacho, na sharti kwamba kisiuzwe, kisitolewe hiba wala kisirithiwe. Chuo chenye tamko hilo hakikuwa mali ya babu yako. Alikuwa mwangalizi wake, na familia haiwezi kuyapa makumbusho kitu isichokimiliki. Pale tamko linapotaja wanafunzi wa msikiti au madrasa fulani, wenye kusikilizwa ni wasimamizi wa mahali hapo, na ikiwa hawapo tena, shauri lipelekwe kwa kadhi na kwa Tume ya Wakfu. Vilivyobaki, yaani barua, hati, madaftari na vyuo visivyo na tamko, ni mirathi, na ikiwa mirathi haijagawanywa basi hakuna mrithi mmoja anayeweza kuitoa peke yake. Nimeona makabidhiano mazuri yakivunjika baada ya miaka kwa sababu dada mmoja aliyeolewa mbali hakuulizwa.

Wengi hudhani kwamba kuna njia mbili tu, kutoa au kunyima. Kwa kweli zipo kadhaa. Hiba huhamisha miliki moja kwa moja. Amana huyapa makumbusho dhamana ya kulinda na kuhudumia, miliki ikibaki kwa familia, kwa masharti na muda uliokubaliwa. Azima hufaa kwa maonyesho ya miezi michache. Na ipo njia ya kupiga picha mahali pale pale bila asili kutoka nyumbani. Njia hii ya mwisho Lamu inaijua: miswada ya Msikiti wa Riyadha, uliojengwa katika zama za mwanachuoni Habib Swaleh, ilipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, asili zikabaki msikitini mwake na nakala zikawekwa wazi kwa wasomaji wa mbali. Kwa vyuo vya wakfu vya babu yako hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Kwa barua, hati na madaftari ningechagua amana, na kama baada ya miaka kumi mtaridhika na huduma, mtaweza kuibadilisha kuwa hiba. Hiba kwa upande wake haibadilishwi kuwa amana.

Msikubali kuuza. Mnunuzi wa vitu vya kale huchagua kipande kinachong'aa, msahafu wenye rangi au hati yenye muhuri, na kukiondoa kwa wenzake. Vilivyobaki hupungua thamani ya elimu, na kilichouzwa huishia kwenye ukuta wa mtu asiyejua Lamu iko wapi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 nayo inadhibiti vikali utoaji wa vitu vya urithi nje ya Kenya.

Makumbusho yenye hifadhi inayofanya kazi sawasawa hayaingizi sanduku lenu moja kwa moja ghalani. Kwanza huandikwa katika daftari la mapokezi, likapewa namba ambayo haitatumika tena kwa kitu kingine milele, na familia ikapewa stakabadhi. Kisha hukaa karantini katika chumba cha pekee, kwa sababu sanduku moja lenye wadudu linaweza kuambukiza ghala zima. Wadudu hai wakionekana, vitabu na karatasi hufungwa ndani ya mifuko ya plastiki na kugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, kwa wiki moja hadi mbili, na mfuko haufunguliwi mpaka urudi kwenye joto la chumba ili mvuke usigeuke matone juu ya karatasi. Msijaribu hilo kwa friji ya nyumbani. Baada ya hapo vumbi huondolewa kwa brashi laini, kuvu iliyokauka huondolewa na mtu aliyevaa barakoa, na kila bunda huingia katika bahasha na boksi la karatasi isiyo na asidi, likiwa katika mpangilio ule ule lililokuja nao.

Ghala lenyewe ndilo suala ninalolijali sana kwa miji ya pwani. Kuvu huanza kustawi pale unyevu wa hewa unapodumu juu ya asilimia 65 hivi, na unyevu wa Lamu huwa juu ya kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka, masika yakizidisha. Watu hufikiri dawa ni kiyoyozi. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni, au kinachokatika kila umeme unapokatika, hupandisha na kushusha joto na unyevu kila siku, na karatasi, gundi na ngozi hutanuka na kunywea kwa viwango tofauti mpaka zikaachana. Mara nyingine maji huganda kama jasho juu ya vitu vilivyopoa. Ningependelea chumba cha ghorofa ya kati, chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, rafu zisizogusa ukuta wa nje, hewa inayopita taratibu kwa feni, na kipimaunyevu kinachosomwa na kuandikwa kila siku, kuliko chumba cha vioo chenye mtambo ambao bajeti yake haina uhakika. Wajenzi wa nyumba kongwe za Lamu walijua kutuliza joto la mchana, na ujuzi huo unawafaa sana watunza nyaraka. Ukienda kuyatazama makumbusho, omba uonyeshwe daftari la vipimo vya unyevu. Mahali penye daftari hilo, likiwa limejazwa hadi jana, nina imani napo.

Huenda ukashangaa nikisema kwamba katika sanduku lile vitu vilivyo hatarini zaidi ni vile vipya. Karatasi za kale zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na wino wa masizi, ambao waandishi wetu waliutumia sana, hauna kemikali inayokula karatasi. Adui wake ni maji, kwani hutoka kwa urahisi ukiloweshwa. Wino wenye chuma ni shauri lingine: huanza mweusi ukawa kahawia, na kwa miaka huunguza karatasi mpaka maneno yakadondoka na kuacha matundu yenye umbo la herufi. Lakini madaftari ya shule ya katikati ya karne ya 20 na magazeti yalitengenezwa kwa unga wa mbao wenye asidi ndani yake, na hivyo hujila yenyewe, hubadilika rangi na kuvunjika kila yanapokunjwa. Iwapo miongoni mwa magazeti ya babu yako yamo matoleo ya Al-Islah, lililotolewa Mombasa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kuanzia mwaka 1932, hayo ndiyo ya kushughulikiwa mapema, pamoja na madaftari yenye mashairi yake, ambayo pengine hayana nakala nyingine popote duniani.

Wakati mnasubiri, yapo mambo ya kujizuia. Msianike vyuo juani. Jua hufifisha wino na kuikunja karatasi. Msipulize dawa ya wadudu ndani ya sanduku wala kuweka vidonge vya kufukuza nondo vikigusana na karatasi. Msitumie selotepu hata kwenye mpasuko mdogo, kwa kuwa gundi yake huingia ndani ya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Mtaalamu hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo inaweza kutolewa kwa maji hata baada ya miaka hamsini. Na hati za nyumba na mashamba msizipeleke kufanyiwa laminesheni. Najua kwamba huko kwetu ni desturi, na wenye hati huona wamezilinda, lakini plastiki ile hubandikwa kwa joto, hufungia asidi na unyevu ndani, na kuiondoa bila kuharibu hati ni kazi ngumu sana na wakati mwingine haiwezekani. Vifungeni vitu kwa kitambaa cheupe cha bafta kilichofuliwa bila wanga, mkainue sanduku sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje na bomba la maji, na mlikague kila wiki.

Binamu yako naye ana haki kwa upande mmoja: picha ni za lazima. Anapokosea ni kudhani kwamba picha ya simu iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp ni nakala ya kuhifadhi. Huduma hizo hubana picha mpaka nukta za herufi zinachanganyikana na madoa ya karatasi, na katika herufi za Kiarabu nukta moja hubadilisha neno. Picha ya hifadhi hupigwa kwa kamera iliyosimamishwa wima juu ya ukurasa, kwa mwanga wa pande mbili, ikionyesha ukurasa mzima pamoja na kingo zake, rula na kadi ya rangi. Kila jani hupigwa, likiwa limeandikwa au tupu, na jalada ndani na nje. Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukipigwa kwa rangi kwa kiwango cha nukta 400 kwa inchi bila kubanwa hufikia takriban megabaiti 46, na kwa hiyo chuo cha kurasa 300 kinahitaji karibu gigabaiti 14. Mafaili ya namna hiyo huhitaji nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine, na mtu wa kuyafungua kila mwaka kuhakikisha bado yanafunguka. Diski iliyosahauliwa kabatini hufa kimya kimya, na hakuna aonaye kuvu juu yake.

Wala msitegemee nakala ya ughaibuni peke yake, hata ikiwa katika taasisi kubwa kiasi gani. Mnamo Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi wa kompyuta, huduma zake za mtandaoni zikazimika, na makusanyo yake ya kidijitali yakakosekana kwa wasomaji kwa miezi mingi. Makubaliano yoyote ya kupiga picha yaseme wazi kwamba seti kamili ya mafaili makubwa, si yale madogo ya kutazamia tu, itabaki Lamu mikononi mwa familia na mwa taasisi moja ya mji.

Majengo nayo huanguka. Hifadhi ya nyaraka ya mji wa Köln, Ujerumani, ilihesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo salama, lakini tarehe 3 Machi 2009 jengo lake liliporomoka kutokana na ujenzi wa reli ya chini ya ardhi jirani yake. Watu wawili wa nyumba za karibu walifariki. Sehemu kubwa sana ya nyaraka iliokolewa, ikiwa imelowa, imechanika na kuchanganyika, na kazi ya kuunganisha vipande imeendelea kwa miaka mingi. Huko, kipande chenye namba ya hifadhi au kilichokuwa na nakala katika filamu za akiba kiliweza kurudishwa mahali pake. Kisicho na alama yoyote kilihitaji kusomwa na kulinganishwa na vingine. Ndiyo maana nasisitiza orodha hata pale familia inapoona ni kazi ya kuchosha. Nakala ya orodha iwekwe mahali tofauti na vitu vyenyewe.

Mtakapoketi na makumbusho kuandika makubaliano, pasiwe na haraka. Yaandikwe kwa Kiswahili ambacho shangazi yako anakielewa. Yataje kama ni amana au hiba; nani ataruhusiwa kusoma na kwa utaratibu gani; familia itaingiaje bila malipo; vitu vinaweza kupelekwa nje ya Lamu kwa ruhusa ya nani; jina gani litatajwa kila yanapotumiwa katika kitabu au maonyesho; na itakuwaje makumbusho yakifungwa au yakihamishwa. Kumbukeni pia kwamba kumiliki karatasi na kumiliki tungo ni mambo mawili: kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya mashairi ya babu yako hudumu miaka 50 baada ya kifo chake na iko kwa warithi wake, hata daftari lenyewe likiwa ndani ya ghala la serikali.

Kuna sharti moja zaidi ambalo familia nyingi hulikumbuka baada ya kuchelewa. Mwandishi wa hati za watu huacha siri za watu. Katika karatasi zake mtakuta talaka, madai ya nasaba, madeni yaliyosamehewa, na huenda pia hati za kuuza watu au kuwaacha huru, kwa sababu utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na watu wa mwisho kuandikiwa hati hizo wana wajukuu wanaotembea katika mitaa hiyo hiyo ya Mkomani na Langoni. Najua jamaa waliochoma hati kama hizo kwa nia ya kusitiri. Nawaomba msichome. Kwa wajukuu wa walioandikwa humo, hati hiyo inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee duniani inayotaja jina la bibi yao, na siku moja watakuja kuiuliza. Makumbusho yanaweza kuifunga katika bahasha, kuiorodhesha bila kutaja majina, na kuizuia isisomwe kwa miaka mtakayokubaliana, isipokuwa na kizazi cha wahusika wenyewe.

Limebaki suala la shangazi yako na kurasa za msahafu, nami namheshimu kwa kuzionea uchungu. Kuzika au kuhifadhi kwa adabu kurasa zisizoweza kusomeka tena ni jambo linalojulikana kwa wanavyuoni, na si kazi ya mtunza nyaraka kubishana naye. Ombi langu ni la utaratibu tu. Kisiwa cha Pate kiko jirani yenu, na mji wake wa Siyu ulikuwa na waandishi wa misahafu waliosifika katika karne ya 18 na ya 19. Jani lililochanika lenye pambo la wino mwekundu na mweusi linaweza kuwa limetoka mikononi mwao, na linaweza kuwa na wenzake katika nyumba nyingine ya Lamu au katika makumbusho yenyewe. Basi majani hayo yakusanywe yote katika kitambaa safi, yapigwe picha pande zote mbili, na yaonyeshwe kwa mwanachuoni pamoja na mtaalamu wa miswada wakiwa wameketi pamoja, shangazi yako akiwepo. Yale watakayoona yanasomeka na yanatengenezeka yakae na msahafu wake. Yaliyobaki, shangazi ayazike kama alivyokusudia, na katika daftari lenu la namba paandikwe yalikuwa majani mangapi, ya sura gani, na yamezikwa wapi.